Maua Meupe Dirishani kwa Bibi

Kila asubuhi, kabla hata hajavaa soksi, Sayoko alikuwa na kazi moja. Alifungua mlango wa nyuma, akatumbukiza miguu katika ndara za baba yake zilizompwaya, akazunguka nyumba mpaka chini ya dirisha la Bibi. Hapo alichutama, akagusa udongo kwa kidole, akatazama kama kuna jani lililojikunja. Kisha aligonga kioo mara mbili.

"Ameamkaje?" Bibi aliuliza kutoka ndani.

"Ameamka salama, Bibi."

"Ana kiu?"

"Hana. Udongo bado una unyevu."

"Basi usimpe maji. Huyo si bata."

Bibi Kiyono alisema hivyo kila siku, na kila siku Sayoko alicheka. Macho ya Bibi yalikuwa yamefifia, akawa anaona mwanga na vivuli tu. Lakini pua yake, jamani! Alijua jirani wa tatu anakaanga samaki gani. Alijua Sayoko amepitia duka gani kabla mtoto hajavua viatu mlangoni.

Aliyeulizwa habari zake hakuwa mtu. Alikuwa jinchoge, kichaka kifupi kisichofika gotini, chenye majani mazito ya kijani yasiyopukutika hata theluji ikianguka. Mwishoni mwa baridi, miti mingine ikiwa bado vijiti vitupu, jinchoge hutoa vishada vya maua madogo, zambarau kwa nje na meupe kwa ndani. Harufu yake hukata kona ya mtaa kabla hujauona mti wenyewe.

Jinchoge hiyo ilikuwa na historia. Zamani, Babu Yasaku alikuwa akienda mbali kila majira ya baridi kuchimba mahandaki ya reli. Mwaka mmoja alirudi akiwa na kijiti kimoja ndani ya kisanduku chake cha chakula, kimeviringishwa gazeti lililoloweshwa. Alikuwa amekaa na njaa safari nzima ili kijiti kipate nafasi. Bibi, ambaye wakati huo alikuwa ameolewa miaka miwili tu, alimcheka sana. "Wenzako wanaleta vitambaa, wewe unaniletea kuni!" Babu hakujibu. Alikichomeka karibu na lango la nyumba yao kule kilimani, na kikaishi muda mrefu kuliko yeye mwenyewe.

Sayoko alipokuwa na miaka kumi, barabara ya kilimani ilipanuliwa na nyumba ya Bibi ikabomolewa. Bibi alihamia kwa baba yake Sayoko. Vyombo vilihama, kabati la marehemu Babu lilihama, hata paka alihama. Jinchoge haikuweza kuhama. Ni mmea wa kiburi huo. Ukishaupanda mahali, umeupanda. Ukiigusa mizizi yake, unanuna, kisha unakufa.

"Kuna njia moja tu," Bibi alimwambia mjukuu wake. "Mvua za mwezi wa sita zikianza, kata vijiti vya mwaka huu, uvichomeke kwenye mchanga kivulini, halafu usubiri. Na usiwe unavichomoa kila siku kutazama kama vimeota, maana nakujua."

Sayoko alikata vijiti saba. Sita vilioza. Cha saba kilishika mizizi. Aliukuza mche huo katika chungu cha udongo, akachora nyota ya bluu ubavuni mwa chungu. Tingatinga lilipofagia lango la kilimani, mche ule ndio uliobaki mikononi mwao wa kile kijiti cha Babu, na Bibi alikuwa akiusubiri uchanue kama mtu anayesubiri barua.

Hiyo ndiyo sababu ya Sayoko kuamka mapema na kutoka nje kwenye baridi. Na mwaka huu, akiwa darasa la sita, hatimaye matumba yalikuwa yametokeza.

"Yameanza kupata rangi?" Bibi aliuliza mwezi wa kwanza.

"Bado, Bibi. Ya kijani tu."

"Yatapata. Kwanza huwa mekundu kama kidole kilichobanwa na mlango."

Mwezi wa pili uliingia. Matumba yalivimba, lakini hayakuwa mekundu. Yalikuwa ya kijani iliyopauka, kama maziwa yaliyotiwa mchicha. Sayoko alianza kuwa na wasiwasi. Je, ni ugonjwa? Au amekosea mbolea? Asubuhi moja mwanzoni mwa mwezi wa tatu, ua la kwanza lilifunguka. Lilikuwa jeupe. Jeupe nje, jeupe ndani, jeupe pepepe.

Siku hiyo baada ya masomo, hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alikwenda kwenye kitalu kilicho karibu na stesheni, akiwa amelifunga ua lile kwenye leso. Mwenye kitalu, mzee mwenye kofia ya majani, alilishika kwa vidole viwili akalinusa.

"Zuri. Hii ni jinchoge nyeupe."

"Inaumwa? Yetu ni ya zambarau."

"Haiumwi, mjukuu wangu. Kuna za zambarau na kuna nyeupe. Iliyozaliwa nyeupe itachanua nyeupe mpaka ife. Haibadiliki kama mtu anavyobadilisha koti."

"Lakini nilikata mwenyewe kijiti kwenye mti wa zambarau!"

Mzee alijikuna kisogo. "Basi hiki si kijiti chako. Hizi nyeupe hapa sina nyingi. Mwaka jana niliuza moja tu, mwezi wa nane wakati wa Bon, sikukuu ya marehemu. Aliinunua mama wa duka la tofu. Alikuwa na haraka hata hakungoja nimfungie. Alitaka yenye urefu huu hasa, akanionyesha kwa mkono."

Mama wa duka la tofu, ile jibini nyeupe ya soya, alikuwa mama yake Chiemi.

Na Chiemi alikuwa nani? Alikuwa rafiki yake tangu chekechea. Walikuwa wakienda shule pamoja, wakigawana mwavuli, wakijuana mpaka ni nani anaogopa sindano. Mwezi wa nane uliopita, siku za Bon zilipofika, familia ya Sayoko ilikwenda kijijini kwa mama yake kwa siku sita kuwapokea marehemu wao kama watu wote wanavyofanya. Bibi hakuweza kubaki peke yake, kwa hiyo naye alichukuliwa. Chungu chenye nyota ya bluu hakikuweza kusafiri kwenye basi lenye joto. Sayoko alikikabidhi kwa mtu mmoja tu duniani aliyemwamini.

"Maji kidogo asubuhi, kama udongo umekauka juu," alimwambia. "Kama haujakauka, usimpe kitu. Muweke kivulini. Basi."

"Nimekusikia, bibi mkubwa!" Chiemi alimjibu akicheka. "Nitamlea kama yai."

Aliporudi, aliukuta mche umependeza, majani yanang'aa. "Umeona alivyonenepa?" Chiemi alisema. Sayoko alifurahi, akampa boksi la peremende za maharage alizomletea kutoka kijijini, kubwa kuliko la mtu mwingine yeyote. Vuli, akiwa na Bibi, aliutoa mche kwenye chungu kwa mikono miwili, udongo wake wote ukiwa umeshikamana, akaupanda chini ya dirisha la Bibi. Hapo ndipo ulipokuwa sasa, ukichanua maua ya watu wengine.

Kutoka kitaluni alikwenda akamkuta Chiemi nyuma ya duka lao, amekunja mikono ya sweta, anasugua ndoo za tofu.

"Chiemi, niangalie."

"Vipi? Mbona umenitolea macho hivyo?"

"Jinchoge imechanua."

Chiemi alitabasamu. "Si nilikwambia! Mazuri?"

"Meupe."

Tabasamu lilibaki usoni mwa Chiemi kwa muda, halafu likakosa pa kukaa. Brashi ilisimama. "Meupe... kivipi?"

"Meupe kama tofu ya mama yako. Mche wangu uko wapi?"

Maji ya bomba yaliendelea kumwagika ndani ya ndoo mpaka yakafurika.

"Nimetoka kitaluni," Sayoko alisema. "Najua mama yako alinunua. Sasa niambie wewe kwa mdomo wako. Mche wangu uko wapi?"

"Ulikufa," Chiemi alisema kwa sauti ndogo. "Siku ya nne. Majani yalilala yote kwa mara moja. Sayoko, naapa sikuuacha! Nilikuwa naupa maji ya mchele. Bibi yangu alikuwa akimwagia maua yake maji yaliyooshewa mchele, na yalistawi, unakumbuka? Na siku zile nyumba ilijaa wageni wa Bon. Tulikuwa tunaosha mchele mara tatu kwa siku. Nikasema nisiyamwage bure, nimpe yeye, apate nguvu. Mpaka sahani ya chini ikajaa."

"Mara tatu kwa siku! Nilikwambia maji kidogo asubuhi!"

"Nilidhani maji ya mchele si maji. Nilidhani ni chakula." Machozi yalianza kumtoka. "Ulianza kunuka uchachu. Nililia sana. Mama akasema ninyamaze, atanunua mwingine, akauweka kwenye chungu chako. Alisema jinchoge zote ni jinchoge. Alisema hutajua."

"Na kweli sikujua!" Sayoko alipiga kelele. "Miezi saba sikujua! Nilikuletea peremende, ukazila mbele yangu. Ukasema ni tamu!"

"Zilikuwa tamu kweli," Chiemi alisema huku akilia, na wakati mwingine wowote wangecheka wote wawili mpaka mbavu ziume.

Hakuna aliyecheka. Sayoko alihisi amevuliwa nguo barabarani. Aliona zile asubuhi zote alizotoka kwenye baridi, kidole kikiganda kwenye udongo, akiulinda mti wa dukani. Na kila mara walipokuwa wakienda shule, Chiemi alikuwa akimuuliza, "Jinchoge yako haijambo?" Aliuliza hivyo uso mkavu, akijua.

"Usinifuate," alisema. "Na kesho usinisubiri kwenye daraja."

Alipofika nyumbani, maua mengine yalikuwa yamefunguka, na dirisha la Bibi lilikuwa wazi ingawa baridi ilikuwa kali. Bibi alikuwa amekaa hapo na shali mabegani, kichwa amekiinua, mashavu yamelowa.

"Sayoko! Njoo mbio! Amefunguka! Umeisikia harufu?" Alimshika mjukuu wake mkono kwa nguvu. "Yasaku amefika, mwanangu. Nilidhani nitakufa bila kuinusa tena. Hebu niambie, yana rangi gani? Nieleze vizuri, nataka kuyaona."

Sayoko alifungua kinywa. Ukweli ulikuwa hapo hapo kwenye ulimi. Lakini uso wa Bibi ulikuwa umeng'aa. Nani angeweza?

"Zambarau kwa nje, Bibi," alisema. "Ndani meupe."

"Aaah," alisema Bibi, akafumba macho.

Siku tatu zilipita hivyo. Shuleni Sayoko alihamisha dawati lake karibu na dirisha, akawa hamtazami Chiemi. Chiemi alimwekea kikaratasi kwenye kabati la viatu. Alikichana bila kukisoma. Wenzao waliuliza, "Ninyi mapacha mmegombania nini?" Sayoko alikuwa na hasira mpaka chakula kikamkinai, na kila alipofikiria neno la kumwita Chiemi, neno lililokuja lilikuwa lile lile: mwongo. Lakini neno hilo lilikuwa na kasoro. Kila alipolisema moyoni, alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Zambarau kwa nje, Bibi."

Asubuhi ya nne alizunguka nyumba kama kawaida. Kabla hajagonga kioo, alisikia Bibi akizungumza. Dirisha lilikuwa wazi kidogo. Bibi alikuwa ameinamia nje, vidole vyake vinapapasa majani.

"...nilikucheka siku ile, mbele ya mama yako," Bibi alikuwa akisema polepole. "Nikasema umeleta kuni. Ukanyamaza. Usiku nilikwenda langoni peke yangu nikakigusa kile kijiti, nikalia kwa furaha. Sikukwambia kamwe, Yasaku. Nilikuwa mjinga, niliona haya. Sasa nakwambia. Nilifurahi."

Bibi yake alikuwa amebeba neno hilo zaidi ya miaka arobaini, na sasa amempa mti wa kitaluni, kwa sababu yeye Sayoko alimwambia ndio wenyewe.

Aliingia ndani na ndara zake za matope, akapiga magoti kwenye mkeka mbele ya Bibi, akaweka viganja chini na paji la uso juu yavyo.

"Bibi, nisamehe. Maua ni meupe. Si jinchoge ya Babu."

Alieleza yote, kuanzia maji ya mchele mpaka mzee wa kitalu. Alipomaliza, Bibi alirudisha mkono wake ndani, akafunga dirisha. Furaha ilikuwa imemtoka usoni yote, na Sayoko alitamani ardhi immeze.

"Umejua lini?" Bibi aliuliza.

"Siku tatu zilizopita. Siku ile ile ulipoisikia harufu."

"Nimeongea na mti wa dukani siku tatu," Bibi alisema. "Nimeueleza mambo ambayo sikumweleza hata baba yako." Sauti yake ilikuwa ya uchungu kabisa. "Huyo Chiemi alinidanganya akiwa mbali. Wewe umenidanganya nimekushika mkono."

"Nilitaka usiumie, Bibi!"

"Na mama yake Chiemi alitaka nini? Si alitaka wewe usiumie na mwanawe asiumie? Sasa tutazame hapa ndani. Nani hajaumia?"

Sayoko alilia mpaka pua ikaziba. Bibi alimwacha alie. Baadaye alimpapasa kichwani, akampa leso yake.

"Umeniambia, lakini. Hilo nitalikumbuka pia. Sasa nenda shule, umechelewa. Ukitoka, mwambie Chiemi namwita."

"Sitaki kuzungumza naye."

"Sikukwambia uzungumze naye. Nimekwambia umwite."

Chiemi alikuja jioni ile pamoja na mama yake, ambaye hakuvua hata aproni ya dukani. Wote wawili waliinama mpaka chini mlangoni kwa Bibi. Mama Chiemi alikuwa ameleta tofu kwenye bakuli, akaiweka kando kwa aibu.

"Kosa ni langu mimi mtu mzima," alisema. "Mtoto alitaka kusema. Nikamzuia. Nilitaka kumwokoa na aibu."

"Ungemwacha aone aibu ya siku moja, ingekwisha," Bibi alimjibu. "Umempa ya miezi saba. Mtazame alivyokonda."

Kweli Chiemi alikuwa amekonda. Sayoko, aliyesimama pembeni amekunja mikono, aliona hilo kwa mara ya kwanza, na hakupenda kuliona kwa sababu bado alikuwa na hasira.

"Bibi," Chiemi alisema, "niambie nifanye nini. Niung'oe ule mweupe niuondoe?"

"Thubutu!" Bibi alishtuka. "Umeshamuua mmoja, unataka wa pili? Ule umeshashika hapo, na mti wenyewe hauna kosa. Utakaa. Wewe una kazi nyingine. Mvua zile za mwisho kule kilimani, si Sayoko peke yake aliyekata vijiti. Watu walipita wakaomba, nikawaambia wakate. Macho yalikuwa mabovu, sikuona ni nani na nani. Wengine walihama. Nenda ukapige hodi, nyumba kwa nyumba, mpaka umpate mwenye jinchoge ya Yasaku."

"Nitakwenda."

"Na watakuuliza unaitakia nini. Utawajibu ukweli. Kila mlango."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Kwa siku tano, baada ya masomo, Chiemi alipanda kilima. Mlango wa kwanza alisema kwa sauti ya mbu: "Nilipewa mche nikauua, halafu nikadanganya." Mlango wa tatu mama mmoja alimkaripia. Mlango wa tano watoto wa darasa la nne walimsikia, na kesho yake shule nzima ilikuwa inamwita Maji ya Mchele. Sayoko alilisikia jina hilo likipigwa kelele uwanjani. Alidhani atafurahi. Hakufurahi.

Siku ya sita alimkuta Chiemi kwenye daraja, amekaa, anapuliza lengelenge kisiginoni.

"Bado nimekukasirikia," Sayoko alisema.

"Najua."

"Sikuja kukusamehe."

"Najua."

"Zimebaki nyumba ngapi?"

"Nne. Na kinyozi."

"Simama basi, giza linaingia."

Nyumba zote nne hawakuwa nayo. Kinyozi, Mzee Tokuji, alikuwa hasikii vizuri, au alijifanya. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha wateja, anasoma gazeti.

"Unasema nani kaua?"

"Mimi," Chiemi alisema.

"Sema kwa nguvu, masikio yamezeeka."

"Mimi! Niliuua mimi! Kwa maji ya mchele! Halafu nikadanganya!"

"Aa, sasa nimesikia. Na mtaa wa pili nao wamesikia." Mzee alikunja gazeti lake, akainuka taratibu, akawapeleka nyuma ya duka penye taulo zilizoanikwa. Kwenye beseni kuukuu la kuoshea nywele, kichaka kifupi kilikuwa kimesimama kimejaa vishada, zambarau kwa nje, meupe kwa ndani. Sayoko aliweka mkono mdomoni.

"Yasaku nilikuwa nikimnyoa mimi," mzee alisema. "Nilikata kijiti siku ile, mkewe akiwa kibarazani. Mwache atoe maua yake kwanza. Mkija na mkasi leo nitawanyoa nyinyi. Njooni mvua zikianza."

Siku za kuzuru makaburi zilifika mwezi ule ule. Bibi alipelekwa kilima kingine hadi kaburini kwa mumewe, akabaki hapo peke yake kwa muda mrefu. Sayoko alijua anasema nini, akakaa mbali asisikie.

Mvua zilipoanza mwezi wa sita, wasichana wawili walikuwa nyuma ya duka la kinyozi wakiwa na mkasi uliochemshwa. Walikuwa sasa wanafunzi wa shule ya kati, sare zao mpya zikiwa kubwa. Walikata vijiti kumi. Sayoko alichukua vitano na Chiemi vitano, kila mmoja akavichomeka kwenye mchanga kivulini kwao. Bibi ndiye aliyeamua hivyo. Sayoko alibisha, kisha akakubali.

Wiki tatu baadaye, mvua ikinyesha, mlango wa mbele uligongwa kwa kishindo. Chiemi alikuwa amesimama bila mwavuli, anahema, matope mpaka magotini. Mkononi alikuwa na kijiti kimoja kilichovunjika katikati.

"Sayoko! Kimoja kimekufa. Ni mimi. Nilikiangusha chungu nikisogeza baiskeli. Sasa hivi tu, hata dakika kumi hazijapita. Mama ameniambia nije mbio. Vinne vizima, huyu nimemuua mimi."

Sayoko alimtazama. Alitazama nywele zilizogandamana usoni, kijiti kilichovunjika, na ule mdomo unaotetemeka ukisubiri kutukanwa. Alijikuta anacheka na kulia pamoja.

"Ingia ndani, Maji ya Mchele. Utapata mafua."

Kutoka chumbani kwake, Bibi alikuwa amesikia kila neno.

"Nani huyo amekufa?"

"Kijiti kimoja, Bibi!" Chiemi alijibu. "Nimekiua mimi!"

"Vizuri," alisema Bibi.

Wasichana walitazamana. "Vizuri, Bibi?"

"Njooni hapa wote wawili." Walikwenda wakakaa karibu na dirisha. Nje, jinchoge nyeupe ilikuwa inapigwa na mvua, majani yake yanang'aa. "Mti kufa si dhambi. Mimi nimeua mingi kuliko nyinyi, na wenye vitalu wameua kuliko mimi. Ule wa mwaka jana Chiemi aliuua kwa kuupenda kupita kiasi, na ningelia siku mbili nikamaliza. Lakini mliponificha, nyinyi wawili, mlinifanya nimwamini asiyekuwepo. Mtu akikuambia amekosa, unajua umesimama wapi, unaweza kuanza upya. Akikuficha, hata siku zako za furaha zinakuwa si zako. Kwa hiyo mkiharibu kitu cha mtu, mwambieni siku ile ile, hata kama mnatetemeka. Kama alivyofanya huyu leo. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa, Bibi."

"Haya. Na hivyo vinne vilivyobaki, Chiemi, unavipa nini?"

"Maji kidogo asubuhi, Bibi. Kama udongo umekauka juu."

"Na kama haujakauka?"

Chiemi alimtazama Sayoko, na Sayoko akajibu pamoja naye:

"Hatumpi kitu. Huyo si bata."